Tumbo na Moyo ni Amana Moja

(Mada iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri katika msikiti mmoja wa Utende, Mafia, mbele ya waumini wa hapo na wageni kutoka Chole, Juani na Jibondo. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa miili na nyoyo, Mwenye kuleta maradhi na dawa zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, leo nitazungumzia jambo ambalo hamkuzoea kulisikia msikitini, nalo ni tumbo. Sikusudii tumbo la mlafi, ambalo limekwisha kuhutubiwa mara nyingi. Nakusudia tumbo la mtu mwenye huzuni na tumbo la mtu mwenye hofu. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani anayewakataza watu jambo hana budi kuanza na nafsi yake.

Miaka michache iliyopita, katika madrasa ninayofundisha, alikuwapo mtoto wa miaka tisa hivi. Alikuwa na hifdhi nzuri na adabu. Lakini kila Jumamosi asubuhi, madrasa inapofunguliwa baada ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, alikuwa akishikwa na tumbo. Mama yake alimpeleka zahanati, akapimwa choo, akapewa dawa ya minyoo, na maumivu yakabaki palepale. Bibi yake akasema ni mchango, akamchemshia mizizi. Jirani akasema mtoto amepatwa na jicho. Nami, mwalimu wake, nikasema ni uvivu. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa Shetani ndiye anayemtia uzito wa kuisoma Qur'ani, kisha nikamchapa bakora. Jumamosi iliyofuata alikuja, akaketi mbele yangu, akafungua msahafu, na kabla hajatamka neno akatapika.

Jioni ile mama yake alifika nyumbani kwangu. Hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni, akamwambia mke wangu maneno aliyokusudia niyasikie mimi: "Nisalimie Ustadhi. Mwambie simlaumu, naye ni mzazi wa mwanangu kama mimi. Ila namwomba atazame jambo moja tu. Ijumaa mwanangu haumwi tumbo."

Sikupata usingizi usiku ule. Minyoo haijui siku ya Ijumaa. Na kama yalikuwa ni uongo, mbona matapishi yalikuwa ya kweli? Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma. Haya nitakayoyasema ni matunda ya kuuliza huko.

LUGHA YETU ILIKWISHA KUJUA

Wazee wetu wa pwani hawakusoma udaktari, lakini waliyatazama maisha wakayawekea maneno. Mtu mwenye hofu ya jambo asilojua mwisho wake, twasema yuko tumbo joto. Anayetaka kutapika husema moyo wamchafuka, ilhali kinachochafuka ni tumbo. Aliyeumizwa kwa maneno husema amekatwa maini. Na nyinyi wavuvi mnajua zaidi yangu: upepo wa kusi unapogeuka ghafla nje ya miamba, kabla nahodha hajatoa amri, tumbo la baharia mgeni limekwisha kukatika.

Kwa hiyo kwamba tumbo na moyo husikilizana si habari mpya kutoka ng'ambo. Jipya ni kujua njia wanayosikilizana. Lakini kabla ya kufika huko, tuitazame Sheria yetu.

SHERIA INAVYOLITAZAMA TUMBO

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kuswali chakula kikiwa kimekwisha kuandaliwa, au akiwa anashindana na haja mbili. Tazameni hekima yake. Swala ni nguzo ya dini, na bado mja anaambiwa ashughulikie tumbo lake kwanza, kwa sababu tumbo linalosumbua haliuachi moyo uhudhurie.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bakra (R.A.) katazo la kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Mafaqihi wakafanya kiasi juu ya katazo hilo, wakaingiza njaa kali, shibe iliyopita kiasi, huzuni nzito na kuzuia haja. Kwa nini waliviweka vyote katika fungu moja na hasira? Kwa sababu waliona kuwa hali ya tumbo huingia katika rai ya mtu kama hasira inavyoingia.

Kisha ipo hadithi ya talbina. Talbina ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, na jina lake limetokana na neno la Kiarabu la maziwa, kwa weupe wake na wepesi wake. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bi Aisha (R.A.) alipofiwa na mtu wa jamaa zake, na wanawake waliokuja kutoa pole wakatawanyika, wakabaki watu wa nyumba na wa karibu, alikuwa akiagiza chungu cha talbina kipikwe. Kisha hutengenezwa tharidi, ikamiminiwa talbina juu yake, akawaambia wale. Alieleza kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba talbina huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni.

Hapa pana faida mbili, nawaomba mzishike.

Ya kwanza ni katika neno "fuadi", tunalolifasiri kuwa moyo. Al-Hafidh Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), katika sherehe yake ya Sahihi Bukhari iitwayo Fat-hul Bari, amenukuu kauli ya tabibu Al-Muwaffaq Al-Baghdadi, kwamba fuadi hapa ni mdomo wa tumbo. Tabibu huyo, aliyefariki mwaka 629 Hijria (1231), alieleza kuwa mwenye huzuni hupunguza kula, tumbo lake likakauka na kudhoofika, na uji huo huliburudisha na kulilisha. Naye Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), ameizungumzia talbina katika mlango wa tiba ya Mtume kwa njia iliyo karibu na hiyo. Wanazuoni hawa hawakuona ajabu kusema kuwa huzuni hushuka tumboni, na kwamba faraja yaweza kupanda kutoka tumboni.

Ya pili ni neno "baadhi". Mtume (S.A.W.) hakusema kuwa uji huondoa huzuni yote. Neno hili tutalirejea.

Nao walikuwapo Waislamu waliotunga vitabu kamili juu ya jambo hili. Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu Masalihul Abdan wal Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kuwa mwanadamu ni mwili na nafsi vilivyofungamana, kinachokiumiza kimoja hukifikia cha pili. Alitaka tabibu avitazame vyote viwili.

ALICHOKIUMBA MWENYEZI MUNGU NDANI YA TUMBO

Sasa tuje kwenye yaliyogunduliwa katika zama zetu.

Ndani ya ukuta wa njia ya chakula, kuanzia kooni hadi mwisho wa utumbo, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameweka mtandao wa mishipa ya fahamu wenye seli zaidi ya milioni 100. Mtandao huo waweza kuendesha kazi ya kusaga na kusukuma chakula bila kungoja amri ya ubongo. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu wameuita ubongo wa pili. Pamoja na hayo, tumbo halikukatwa mawasiliano na kichwa. Upo mshipa mrefu uitwao vagasi, unaotoka chini ya ubongo ukapita shingoni na kifuani hadi tumboni. Nyuzi zake zilizo nyingi ni zile zinazopandisha habari kutoka tumboni kwenda ubongoni. Zinazoshusha amri ni chache.

Miongoni mwa vitu vinavyotumika kupeleka habari hizo ni kemikali iitwayo serotonini. Historia yake yenyewe ni funzo. Katika miaka ya 1930, Mtaliana Vittorio Erspamer aliitoa katika utando wa matumbo ya wanyama, akaipa jina la enteramini. Mwaka 1948, watafiti watatu wa mji wa Cleveland, Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, waliitoa katika damu, wakaiita serotonini. Mwaka 1952 ikabainika kuwa vitu hivyo viwili ni kimoja. Mwaka 1953 Betty Twarog na Page wakaonyesha kuwa ipo ubongoni pia. Kwa hiyo kemikali hii, ambayo leo watu wengi huifikiria kuwa ya kichwani tu, ilijulikana tumboni kabla haijajulikana ubongoni. Na sehemu yake kubwa, kiasi cha asilimia 90, imo katika njia ya chakula.

Kazi yake huko ni ipi? Chakula kinapoutanua utumbo, seli maalumu za utando wake hutoa serotonini. Hiyo huzigutusha neva zilizo jirani, na utumbo ukaanza kujikunja na kusukuma. Kitu chenye sumu kinapoingia, serotonini hutoka kwa wingi, habari ikapanda ubongoni, mtu akachafukwa na moyo na kutapika ili mwili usalimike. Ndiyo maana wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa ukali wa dawa hupewa dawa ya kuizuia serotonini isifikishe habari hiyo. Na ndiyo maana baadhi ya dawa za sonona, zinazogusa serotonini, huleta kichefuchefu katika siku za mwanzo.

Ipo hali ambayo mishipa hii ya tumboni huwa mikali kupita kiasi. Hewa kidogo au chakula cha kawaida, ambacho mwingine hakisikii kabisa, kwake huwa maumivu. Mara anaharisha, mara anafunga choo, mara tumbo linajaa hewa. Vipimo vya kawaida havionyeshi kidonda wala uvimbe. Madaktari huiita kwa jina lenye maana ya utumbo uliokereka. Kwa baadhi ya watu huanza baada ya ugonjwa wa kuharisha, vijidudu vikaondoka na ukali wa mishipa ukabaki. Wenye hali hii hupatwa na sonona na wasiwasi kuliko watu wengine.

Je, ni huzuni inayoharibu tumbo, au ni tumbo linaloleta huzuni? Utafiti uliofuatilia watu kwa miaka 12 nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta yote mawili: wapo walioanza na wasiwasi, tumbo likafuata, na wapo walioanza na tumbo, wasiwasi ukafuata. Nyinyi watu wa Ghuba ya Chole hamhitaji mfano wa mbali. Maji ya ghuba hii hupita mlango wa Kinasi yakiingia, na hupita mlango huo huo yakitoka. Anayesema kuwa maji huingia tu, huyo hajawahi kuyangoja yajae ili avuke kwenda Chole.

TUSIZIDISHE MANENO

Ndugu zangu, sisi tunaolingania watu warudi kwenye dalili tunapaswa kuwa wa kwanza kuogopa kusema tusiyoyajua. Wapo wahubiri ambao kila likitajwa jambo la kisayansi husema limethibitisha hadithi fulani. Sitasema kuwa hadithi ya talbina inazungumzia serotonini. Hadithi hii ni sahihi kwa isnadi yake, haingoji cheti cha maabara. Na elimu ya maabara hubadilika, leo husema hivi na kesho ikajisahihisha.

Tazameni mfano. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kuwa sonona ni upungufu wa serotonini ubongoni, basi. Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Joanna Moncrieff wa London walipitia tafiti nyingi, wakasema hawakuona ushahidi thabiti wa kauli hiyo. Wataalamu wengine wamewajibu, na mjadala unaendelea. Hilo halina maana kuwa dawa hizo hazimsaidii mtu, wala halimruhusu mgonjwa kuziacha ghafla bila ya daktari wake. Maana yake ni kwamba maumbile ya Mwenyezi Mungu ni mapana kuliko maelezo yetu mafupi.

Vilevile wapo wanaouza unga na vidonge wakisema vinaongeza serotonini ya furaha. Ndizi mbivu ina serotonini, lakini serotonini inayoliwa, au inayotengenezwa tumboni, haivuki kuingia ubongoni. Kati ya damu na ubongo pana kizuizi. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na kirutubisho kiitwacho triptofani, kilichomo katika vyakula kama samaki, mayai na kunde. Basi kula ndizi kwa kuwa ni riziki njema, lakini usidanganywe kuwa furaha inauzwa kwa kichane.

Hapo ndipo lile neno "baadhi" linapotufundisha adabu. Chakula huondoa baadhi ya huzuni. Dawa huondoa baadhi. Dua na dhikri huingia mahali ambapo chakula na dawa havifiki. Kuketi na mtu anayekusikiliza huondoa baadhi. Bi Aisha (R.A.) hakuutuma uji uende peke yake. Aliwakusanya wafiwa wakala pamoja.

MAKOSA MATATU TUNAYOYATENDA

Kosa la kwanza ni kumwita mgonjwa mwongo. Akipimwa asionekane na kitu, tunasema anajifanya. Maumivu ya tumbo lililokereka ni maumivu ya kweli, kama yalivyo ya kweli machozi ya aliyefiwa, ingawa hakuna jeraha katika jicho.

Kosa la pili ni kumwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Je, Nabii Yaqub (A.S.) alikuwa na imani dhaifu, naye alihuzunika juu ya Yusuf hata macho yakaingia weupe? Mtume (S.A.W.) alilia alipofariki mwanawe Ibrahim. Na Anas (R.A.) ametueleza, katika aliyoyapokea Bukhari, kuwa Mtume alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na wasiwasi na huzuni. Mtu hujikinga na kitu kinachoweza kumfika.

Kosa la tatu ni kukimbilia majini. Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kuwa wapo ni jambo moja, na kudai kuwa kila mwanamke anayeumwa tumbo na kulia usiku amepandwa na pepo wa baharini ni jambo jingine, nalo lahitaji dalili. Tumewakataza watu kupiga ramli na kucheza ngoma za pepo, na tumefanya vyema. Lakini tuseme kweli hata kama inatuuma sisi wenyewe. Miongoni mwetu wameingia wanaoigeuza ruqya kuwa duka. Mgonjwa anawekwa chini, anabanwa tumbo, anapigiwa kelele masikioni, na jamaa zake wanaombwa fedha wiki baada ya wiki, bila ya yeyote kuuliza kama ameonwa na daktari. Ruqya ya sharia ni Qur'ani na dua zilizothibiti, isomwe kwa upole, na haimzuii mgonjwa kwenda hospitali. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kutafuta dawa, na ametujulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, mgonjwa apimwe. Si kila tumbo ni la huzuni. Vipo vidonda vya tumbo, na wanazuoni wa tiba Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kuwa bakteria ndiye chanzo cha vidonda vingi, na kwamba hutibika kwa dawa za kuua vijidudu. Ipo minyoo, ipo taifodi, zipo saratani. Anayeona damu katika choo, au choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu, anayepata homa isiyokwisha, anayeshindwa kumeza, anayeamshwa usingizini na maumivu, au aliyeanza kuumwa akiwa na umri mkubwa, asikae na mizizi wala asikae na kisomo peke yake. Aende hospitali ya Kilindoni, na akiambiwa avuke kwenda Dar es Salaam, jamaa wamchangie nauli.

Pili, daktari akikuandikia dawa ya sonona kwa ajili ya tumbo, usidhani amekuita mwendawazimu. Ipo dawa ya zamani iitwayo amitriptilini. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kwa kipimo kidogo huwasaidia wengi wenye utumbo uliokereka, kwa kuwa hutuliza mishipa ile ile tuliyoitaja.

Tatu, tutazame tunavyokula. Tirmidhi amepokea mwongozo wa Mtume (S.A.W.) kwamba, ikiwa hapana budi, theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mwenye tumbo jepesi kukereka ale kidogo kidogo na kwa utulivu, na achunguze kinachomsumbua: huenda ni maharage, huenda ni vitunguu, huenda ni maziwa, kwani watu wazima wengi wa Afrika hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Ajaribu kukiacha kimoja kwa wiki chache, aone. Asiache vyote kwa pamoja akabaki na wali mtupu. Na katika Ramadhani tuitazame upya futari zetu, mafuta na sukari vinavyorundikwa juu ya tumbo lililokaa tupu kutwa nzima.

Nne, ni suala la udhu. Wapo ndugu wanaoikimbia jamaa kwa sababu ya hewa ya tumbo na shaka isiyokwisha. Mmoja hurudi kutawadha mara tatu kwa swala moja, mpaka swala ikamwia mzigo na wasiwasi ukalizidisha tumbo. Sheria imekwisha kumrahisishia. Katika hadithi ya Abdullah bin Zayd (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, mwenye kushuku akiwa ndani ya swala ameelekezwa asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Yakini haiondolewi na shaka. Ama ambaye hewa inamtoka mfululizo, asipate muda wa kutosha kutawadha na kuswali, huyo ana hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu kwa kauli ya wanazuoni walio wengi: atawadhe baada ya kuingia wakati wa swala, kisha aswali, wala kinachomtoka baada ya hapo hakimdhuru. Nanyi mnaoswali pembeni yake, msigeuze nyuso.

Tano, mtu wenu akinyamaza sana, akaacha kula, akaacha yaliyokuwa yakimfurahisha kwa wiki mbili au zaidi, mfuateni. Akisema kuwa anatamani kufa, msimwache peke yake, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Na mnapokwenda kumzuru, mmoja wenu abebe uji.

NENO KWA WALIMU WENZANGU

Sasa namrudia mtoto wangu wa Jumamosi. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi tangu utoto wake, na amesimulia, katika waliyoyapokea Bukhari na Muslim, kuwa katika miaka yote hiyo hakupata kuambiwa hata neno la kuchoshwa naye. Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo kwa Kiarabu, nikaifanyia mtihani, nikaipatia alama nzuri. Sikuwa nimeitendea kazi mbele ya mtoto wa miaka tisa.

Niliiondoa bakora katika chumba cha darasa. Nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya wenzake, kama nilivyomdhalilisha mbele ya wenzake. Nikamwambia kuwa tumbo likimshika aniambie, atoke akapunge upepo, kisha arudi. Sitawaambia kuwa alipona siku ile. Wiki za mwanzo aliendelea kuumwa, na mara moja moja akitapika. Lakini Jumamosi zilianza kufanana na Ijumaa. Hifdhi yake ilikwenda taratibu kuliko zamani, nami nikajifunza kuwa taratibu si hasara. Hata hivyo, tangu siku ile kila anapofungua msahafu hunitazama kwanza usoni kabla ya kuanza kusoma. Jicho hilo ndilo hesabu yangu, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kabla sijaulizwa.

Walimu wenzangu, mtoto anayeogopa hubeba hofu yake tumboni, kwa sababu hana maneno ya kuisema. Tusije tukawa sisi ndio sababu ya mtoto kuchafukwa na moyo kila anapokiona Kitabu cha Mola wake.

Nisiwacheleweshe, kwani ndugu zetu wa Chole na Juani wanayatazama maji. Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu wanaoonekana na wasioonekana, aziondolee nyoyo zetu huzuni, na atujaalie tuwe wapole kwa wale aliowaweka chini ya mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.